Biubwa Haitiki

Jumatatu, 5 Mei 2025

Semina Kilindoni. Mkufunzi katoka bara, anaitwa Taufiki, viatu vinang'aa mpaka vinachekesha kwenye mchanga wetu. Ati kuanzia leo sisi walimu wa awali ni "walimu watafakari". Miaka yote hii nilikuwa nani, mnazi? Kila mmoja achague tatizo moja dogo la darasani kwake, alichunguze, aandike aliyoyaona, atafakari, apeleke. Asiyepeleka hapati cheti. Na bila cheti, mwakani darasa langu la Baleni anapewa mwingine. Haya, nitatafakari.

Tatizo ninalo. Biubwa binti Hemedi. Miaka mitano, yuko kwangu tangu Januari, na sijamsikia akiitika jina lake hata siku moja.

Jumatano, 7 Mei

Nimeanza kuchunguza. Nikiita "Biubwa" anageuka, anatazama mlango. Naita tena — mlango. Utadhani jibu litaingia kwa miguu. Nimeandika: hana umakini.

Mwalimu Shaabani wa darasa la kwanza kachungulia dirishani, kanishauri niende kwao nikaulize. Shaabani, ambaye kutafakari kwake ni kusinzia juu ya madaftari ya watoto! Nimemshukuru, nikafunga dirisha.

Bubu si bubu. Kule nje, wakipika ubwabwa wa mchanga kwenye vifuu, anasema kuliko wote. Watoto wa mtaani kwao wanamwita "Mama", naye anaitika papo hapo. Nimeandika: katika mchezo huchagua daima nafasi ya mama. Sentensi hiyo naipenda. Taufiki ataipenda zaidi, hawa watu wanapenda neno "nafasi".

Ijumaa, 9 Mei

Leo subira ilinishinda. "Biubwa, hayo masikio ni mapambo? Biubwa, huna adabu wewe!" Akalia. Si kwa woga, kwa hasira, kanikazia macho huku machozi yanamtoka. Nimeandika: hisia zake hazitabiriki.

Jumatatu, 12 Mei

Ripoti nimeituma kwa WhatsApp. Taufiki kanipigia hapo hapo — msomi mzima, sauti ya dalali wa samaki. Utafiti bora wa wilaya, anasema. Atausoma mkutanoni. Na mtoto apelekwe bara, kuna shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, nafasi ipo. Alhamisi anakuja na afisa elimu. Wanataka saini ya mwalimu na ya mzazi, basi.

Hemedi, babake, nimemkuta dukani. Nilipomweleza kasema mwalimu akishasema, yeye nani wa kubisha.

Bweni, miaka mitano. Hilo sikulipenda. Lakini "bora wa wilaya" nililipenda, nisijidanganye.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kwao kumweleza mamake, Mwanahalima. Nimepiga hodi, nimekaribishwa. Hata sijakaa vizuri mkekani, Mwanahalima akaita ndani: "Mama! Njoo umwamkie mwalimu." Nikadhani anamwita mkwewe. Akatoka Biubwa, mbio, abee yake imemtangulia mlangoni. Shikamoo, mwalimu.

Nikaitika marahaba, nikamgeukia mamake anieleze.

Mtoto kapewa jina la bibi yake mzaa baba, na bibi yuko humo humo nyumbani. Mwanahalima atalitamka vipi jina la mkwewe? Hemedi atamwitaje mamake kwa jina? Basi mtoto ni Mama, kwa wote, tangu kuzaliwa. Biubwa ni bibi. Ukiita Biubwa, mtoto anatazama mlango, anamngoja bibi aingie.

Na mimi nimezaliwa kisiwa hiki hiki! Mpwa wangu ana jina la marehemu babangu, na mpaka leo nyumba nzima tunamwita Babu. Nyani haoni kundule. Mwalimu mtafakari — mjinga mwenye ripoti.

Bi Biubwa mwenyewe akatoka, akaniangalia juu mpaka chini. "Mjukuu wangu kila akirudi ana kisirani. Ati unaniita kutwa, na Ijumaa umenitukana mbele ya watoto. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Akasema kesho nisipaze sauti, nikimwita yeye atakuwepo hapo hapo shuleni. Hemedi alikuwa shamba. Habari ya bweni nimeimeza, nikaaga.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi nimemwandikia Taufiki: mtoto mzima, niliyekosea ni mimi. Kajibu kwamba hayo ni maneno ya nyumbani, ushahidi ni nilichokiona darasani. Na mkutano umeshatangazwa, nisimwaibishe. Cheti changu kakitaja pia, kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

Wamefika. Naandika haya stoo, nimejidai nafuata chaki. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila neno. Taufiki kaita "Biubwa". Bila shaka mtoto katazama mlango, maana anamwambia afisa, unaona, unaona? Hemedi nimemwacha kashika kalamu, karatasi iko mapajani.

Kaita tena. Mara sauti ya mtu mzima kutoka mlangoni: "Labeka, bwana. Unanitakia nini?"

Watoto wanacheka. Mmoja anacheka kuliko wote. Kicheko hicho nakijua, ni cha kule nje kwenye vifuu.

Afisa anauliza huyu bibi ni nani. Taufiki hajui. Hemedi naye anauliza, basi atie saini au asitie? Mwalimu aje aseme, ameona yeye.

"Mwalimu Jokha!"

Chaki ninayo mkononi.

"Mwalimu Jokha!" Hemedi ananiita tena. Shule nzima hakuna Jokha mwingine, nami nimekaa juu ya gunia, natazama mlango.