Ukurasa wa Arobaini na Moja

Bahi, 14 Machi 2025

Gaudence mwanangu,

Juzi Jumatano asubuhi tulipoteza ekari kumi na nne za mpunga uliokwisha kuchanua. Malango yote mawili, la mto na la bwawa, yalifunguka pamoja, mfereji ukapasuka. Kaya tisa hazina kitu. Ekari tatu ni zangu mimi niliyeanza na robo ekari na jembe la kuazima.

Natumaini wewe na Emilia hamjambo, na mtoto pia. Sisi miili ni mizima.

Mfumo wa kompyuta unaoendesha malango uliutengeneza wewe. Nilikutajia kanuni moja, ukaiandika mbele yangu: lango moja lisifunguke kabla jingine halijafungwa. Wanachama wa skimu yetu ya umwagiliaji wanasema Matonya, mlinzi wa malango, aligusa swichi. Yeye anaapa hakugusa. Anasema umeme ulikatika, ukarudi. Nani mkweli?

Shangazi yako,
Restuta

Ipagala, 19 Machi 2025

Shikamoo shangazi,

Pole sana, na pole kwa wote hapo. Sisi wazima, mtoto ameanza kusimama dede.

Mfumo unafuata kanuni uliyonipa. Mwulizeni Matonya vizuri. Watu wa zamu hugusa vitu halafu wakakataa.

Nakutumia kwa bodaboda nakala ya tasnifu niliyowasilisha wiki iliyopita. Inalinganisha mbinu tatu za kueleza mfumo unatakiwa ufanye nini: kwa sentensi za kawaida, kwa michoro, na kwa hesabu za mantiki ambazo kompyuta yenyewe huzikagua hatua kwa hatua. Mfano ni malango yenu. Jina lako liko ukurasa wa shukrani.

Mwanao,
Gaudence

Bahi, 26 Machi 2025

Gaudence,

Salamu zimefika. Namshukuru Mungu kwa mtoto.

Nimesoma kupita ukurasa wa shukrani. Mwalimu Cornel wa sekondari alikaa nami siku mbili akinifafanulia. Ukurasa wa arobaini na moja una jedwali. Sentensi: makosa yaliyoonekana, sifuri. Michoro: sifuri. Hesabu: moja. Kosa lenyewe: lango la mto liko wazi, umeme unakatika, unarudi, mfumo unaanza upya kana kwamba yote yamefungwa, unafungua la bwawa. Ni yale yale aliyosema Matonya, ambaye hajui kusoma.

Tarehe uliyoweka ya kuliona kosa ni 20 Januari. Mpaka mafuriko yetu ni siku hamsini na moja.

Chini yake umeandika: "Ili ulinganisho uwe wa haki, kosa halikurekebishwa hadi mbinu zote tatu zipimwe." Ukamaliza kupima 28 Februari. Hata hapo zilibaki siku kumi na mbili, na simu yangu unayo. Mbinu tatu umezitendea haki, Gaudence. Kaya tisa je?

Jumamosi hii wanachama wanapiga kura kumtoa Matonya kwenye skimu na kumnyang'anya jaruba lake moja la mpunga. Kura hiyo niliiitisha mimi, kwa kuitegemea barua yako.

Usinieleze mbinu. Ulipoandika tumwulize Matonya, ulikuwa unajua kwamba hakugusa kitu? Andika ndiyo au hapana, kwa mkono wako, niisome mbele yao na yeye akiwepo. Ifike Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi.

Restuta,
Mwenyekiti wa skimu