Nusu ya Vishada

Naivasha, 8 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu uliovunjika ulipoanguka mnazini umepata nafuu, na kwamba mama Jumwa jirani bado anakuletea uji wa asubuhi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanichapa.

Tangu Pasaka, nilipokwambia zabibu za shamba hili ni za mvinyo, hupokei simu yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua ni kwa ajili ya kaka Chrispine. Pombe ndiyo iliyomuua, nami siwezi kukujia na habari za mvinyo kama anayeleta zawadi. Lakini sitaki kukuficha: mzee Phineas, mwenye shamba, amenifanya msimamizi. Ekari sita za mizabibu ziko mikononi mwangu. Wiki hii tumemaliza kupogoa. Kila mti tumeuachia matawi machache, na kila tawi macho mawili ya kuchipukia. Ukiliona shamba sasa utadhani limekufa.

Mwanao,
Nyamvula


Junda, 2 Novemba 2023

Nyamvula,

Marahaba. Sijambo. Mguu ni ule ule.

Barua nimeisoma. Huko kuna mashamba ya maua, kuna ya mboga. Umesomea kilimo miaka mitatu, ukaona hakuna cha kulima ila pombe? Mimi ndiye niliyembeba kakako kumpeleka hospitali, mwepesi kama kuti kavu.

Habari za zabibu usiniandikie. Vaa sweta.

Babako


Naivasha, 17 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Waendeleaje? Sweta nimevaa. Katazo lako nalivunja, unisamehe.

Jana tulikata nusu ya vishada vya zabibu vikiwa vibichi, tukaviangusha chini. Mzabibu ukibebeshwa mzigo mkubwa, zabibu huwa nyingi lakini ni maji matupu, hazina ladha. Valarie, anayeongoza wafanyakazi, alikata huku akiniambia, "Dada, hii ni dhambi." Mzee Phineas alipofika akaona ardhi imejaa vishada, hakupaza sauti. Alisema tu, "Mavuno yakiwa mabaya, utatafuta kazi kwingine."

Tangu hapo sina raha, na sina wa kumuuliza ila wewe. Ulikuwa mgema miaka thelathini. Kila asubuhi ulikwea, ukachonga kidogo karara la maua ili tembo litiririke, na minazi yako haikufa. Ulijuaje mahali pa kuukomesha mkono?

Mwanao,
Nyamvula


Junda, 21 Januari 2024

Mwanangu Nyamvula,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Nimekaa na barua yako hata Krismasi ikapita.

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Watu walitaka tembo, hawakutaka habari za mti. Mimi nilikuwa naonja. Kila mnazi nilionja tembo lake kabla ya kulimimina. Likianza kuwa jepesi mdomoni, najua mti umechoka, naupumzisha, hata wateja wakininunia. Onja, mama. Usimsikilize anayehesabu vishada.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata marehemu mamako hakulijua. Kata ya kwanza ya tembo, ile kata ya kifuu ya kunywea, Chrispine alipewa na mimi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikamwambia, "Onja kazi ya babako." Akakunja uso, nikacheka. Nilipoanguka nikaacha kugema, nikashika kanisa, watu wakasema Ngala ameokoka. Nilikuwa najificha. Hasira yangu haikuwa juu yako, mwanangu. Kila nikisikia neno mvinyo, ninaiona kata ile.

Babako,
Ngala


Naivasha, 18 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea shambani, katikati ya mistari ya mizabibu, Valarie akadhani nimefiwa.

Nami nina langu. Chrispine alipokuwa akifanya kibarua Magongo, alikuwa akinipigia simu amelewa, nikaacha kuzipokea. Miezi minne, baba. Halafu ukanipigia wewe kunipa habari ya msiba. Basi lawama hii tusigombanie. Tuibebe wawili.

Mawingu yametanda juu ya mlima Longonot. Mzee Phineas anataka tuchume kabla mvua haijaleta ukungu wa kuozesha zabibu. Nimeonja: sukari ipo, lakini mbegu bado za kijani, na ganda linakereketa ulimi. Nimemwomba siku kumi. Njoo, baba. Mvinyo sitakupa. Nataka unionjee zabibu.

Mwanao,
Nyamvula


Junda, 24 Machi 2024

Mamangu Nyamvula,

Hujambo? Nilirudi nyumbani salama kutoka kwako. Mguu ulivimba kwa safari, sasa umetulia. Jumwa anakushukuru kwa viazi.

Bado naiona siku ile ya tatu ya mvua. Nilikutania kwamba hata jina lako ni la mvua, na mvua yenyewe haikuonei huruma, ukacheka huku unalia. Siku kumi ulizoomba zilikuwa zimekwisha, mzee Phineas akaja na mwavuli wake: "Unangoja nini?" Ukamtilia zabibu mkononi. "Tafuna mpaka mbegu, mzee." Akatafuna, akatema. "Bado," akasema mwenyewe, akaenda zake.

Mistari minne ya bondeni iliingia ukungu, ukaikata yote. Kule juu, mlikopunguza majani, upepo ulipita ukakausha vishada. Siku ya kumi na mbili tangu nifike ulinipa zabibu moja. Mbegu ikavunjika menoni kama njugu ya kukaanga. Nikakwambia, "Sasa." Namna ulivyotoka mbio kuwaita watu sitaisahau. Na mzee alipoionja juisi iliyokamuliwa, akakwambia mwakani ukate vishada hivyo hivyo.

Aliponikaribisha glasi ya mvinyo wa mwaka jana nilikataa, nawe hukunihimiza. Nashukuru. Sitaigusa mpaka naingia kaburini.

Jumapili iliyopita mchungaji alitutaka wazazi tutaje kazi za watoto wetu ziombewe. Mmoja akasema wake yuko bandarini, mwingine uwanja wa ndege. Ikafika zamu yangu. Nilisimama na fimbo yangu. Nikasema mwanangu Chrispine alikufa kwa pombe, na mimi babake ndiye niliyemwonjesha. Kisha nikasema ninaye binti, analima mizabibu ya mvinyo Naivasha, na kazi yake anaijua. Nikawaomba wakuombee jua.

Waliomba, mama. Jumwa aliwapita wote kwa sauti.

Babako,
Ngala