Uso wa Shangazi Evelina

Usagara, 14 Julai 2024

Shangazi Evelina mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wateja wako wote wa Mabatini? Mimi ni mzima, ila uso ndio mgonjwa. Chunusi zimejaa kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Wenzangu bwenini wanasema nikiolewa zitaisha. Sasa nitafute mume kabla ya mtihani wa taifa?

Nimechaguliwa kusoma risala ya wahitimu wa kidato cha nne mbele ya mgeni rasmi, tarehe 5 Oktoba. Nimemwomba mwalimu amtafute mwingine, naye kakataa, eti nifikiri kwanza. Wewe unauza vipodozi na uso wako unang'aa siku zote. Nisaidie.

Mwanao, Modesta


Mabatini, 21 Julai 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Nani kasema mtoto wa kaka yangu ataachia risala kwa sababu ya vipele? Nakutumia kopo. Nimekuchanganyia kwa mkono wangu mwenyewe, na siri ya mkorogo huu simwambii mtu. Paka asubuhi na jioni. Wanawake wanatoka hadi Buhongwa kuufuata. Mimi napaka mwaka wa kumi huu, kisha juu yake poda. Umewahi kuniona bila poda? Basi, kaa kimya upake.

Shangazi yako


Usagara, 18 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua hii naiandika mara ya tatu, mbili nimezichana.

Wiki ya kwanza uso ulilainika, nikakusifu bweni zima. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kuwaka nikitoka juani, na chunusi zikarudi na ndugu zao. Nesi wa shule, Truphosa, alilinusa lile kopo akanipeleka kwa daktari wa ngozi mjini. Daktari anasema ndani mna dawa kali isiyopakwa usoni bila daktari. Inatuliza kwanza, halafu inaiharibu ngozi.

Kumbe chunusi si uchafu, Shangazi, wala si hamu ya mume. Mwili unapokua ngozi hutoa mafuta mengi, vitundu vya vinyweleo vinaziba, vijidudu vinazaliana humo, panavimba. Nimepewa jeli ya kupaka kidogo mara moja kwa siku. Nanawa kwa sabuni laini, situmbui, na nimeambiwa nivumilie kama miezi mitatu.

Sikuandika ili nikushitaki. Nakupenda, na wewe unapaka mwaka wa kumi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwanao, Modesta


Mabatini, 22 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kukaa wiki tano bila jibu. Mbili za kwanza nilikuwa na hasira. Mtoto niliyembeba mgongoni anifundishe kazi? Ya tatu nikachukua kopo nikamwendea huyo daktari wako. Akaniomba nifute poda. Akanitazama, akauliza taratibu, "Mama, uso huu unauficha tangu lini?" Nililia mbele yake. Tangu nikiwa na umri wako, Modesta.

Makopo yote nimeyatoa dukani. Wateja nimewafuata mlango kwa mlango, hadi Buhongwa, nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba nilikosea. Wapo walionitukana. Mmoja alinikumbatia.

Umemwambia mkubwa wako ukweli bila kumvunjia heshima. Mimi na utu uzima wangu nilishindwa kuuambia hata mkoba wangu wa poda. Najivunia wewe mno. Risala usiiache.

Shangazi yako


Usagara, 6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Jana watu walikuwa wengi, hatukuongea vya kutosha, ndiyo maana naandika.

Nilipanda jukwaani na chunusi zangu tano za kidevuni. Kabla ya kuanza nilikutafuta kwa ile poda yako, nisikuone. Roho ikaniuma, nikadhani hukuja. Mstari wa mbele alikaa mama mmoja mwenye mabaka mashavuni na makovu ya zamani kidevuni, kainua kichwa. Nilimpita kwa macho mara mbili. Mara ya tatu akatabasamu, kumbe ni wewe.

Tangu nikiwa mdogo naambiwa nimefanana na wewe, na sikuwahi kuona ni wapi. Jana nimeona. Wewe ni mzuri, Shangazi, na mimi nina uso wako.

Mwanao, Modesta