Safu ya Mwisho ya Blanketi la Bibi

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la Baba linaendelea vizuri, Mama hana neno ila uchovu wa kazi, na Kitindamimba ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo siku hizi mbele ya wageni hacheki. Bibi naye ni mzima. Nimemtaja mwisho kwa sababu habari yenyewe ni yake, na nimeiandika mara tatu nikaichana.

Mimi nimemaliza shule, kama Baba alivyokueleza kwenye simu, na nasubiri matokeo. Asubuhi wote wakishatoka tunabaki mimi na Bibi. Napenda hivyo, maana hanilazimishi kuzungumza. Bado ananiita Kimya, jina ulilonipa wewe.

Shangazi, nimelifua lile blanketi zito ulilomshonea Bibi, lenye vyumba vidogo vilivyojazwa vishanga.

Najua utashtuka. Miaka mitatu tangu uondoke hakuna aliyethubutu. Bibi alikuwa akisema lina mkono wa mwanawe, na mkono wa mtu haufuliwi. Tulikuwa tunaliweka juani tu, na palipoingia doa tunapafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini wiki mbili zilizopita kikombe kizima cha chai ya maziwa kilimponyoka kitandani, na kesho yake chumba hakikukalika kwa harufu. Mama akaniambia, "Wewe ndiye uliye nyumbani. Litafutie njia."

Nililipeleka kwanza kwa dobi wa pale kona. Alilinyanyua kidogo, akalirudisha mezani. "Binti, humu mmemfunga nani?" Akasema mashine yake hailiwezi, lakini akanieleza polepole la kufanya: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, dawa ya madoa hapana. Nisisugue wala kukamua, nikandamize tu kwa viganja. Na nisilitundike kwenye kamba, maana uzito wote utashuka upande mmoja na mishono itachanika. Nilitandaze, niwe naligeuza.

Nilifanya vile vile. Nilipoliinamia kwenye beseni nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani na chaki yako, nikabaki nimeshika sabuni kama mjinga. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya chumba hiki tulipokuwa tukilala humu wawili. Nilikuwa nikiamka nakukuta tayari umekaa, mguu wako unakanyaga, nami najifanya bado nimelala ili nikusikilize. Sasa cherehani yako imefunikwa kitambaa, na juu yake Mama ameweka redio. Nilimwaga maji yale mwenyewe, na harufu ikaenda nayo.

Likilowa halina mfano. Mimi na Mama tulilitoa kwa kuliburuta, Mama akasema afadhali angeambiwa abebe ng'ombe. Tulilikunja kama mkeka ndani ya mataulo, tukalikanyaga maji yatoke, kisha tukalitandaza juu ya meza ya chakula. Siku tatu tulikula tumekaa sakafuni. Kitindamimba aliomba iwe hivyo daima.

Siku ya tatu lilikuwa limekauka lote, isipokuwa safu ya mwisho, upande wa miguuni. Vile vyumba vinane ulivyovishona vilikuwa vimevimba kama mashavu, na kwenye mshono mmoja kilichungulia kichipukizi cheupe, chembamba kama uzi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa alasiri ya siku ya safari yako, begi liko mlangoni, Baba anakuita kwamba utachelewa. Vishanga vya kioo vilikuwa vimekwisha, na imebaki safu moja. Ukanitazama, ukasema, "Kimya, kaniletee kopo la choroko." Nilishika karatasi iliyokunjwa kama koni, wewe ukawa unapima kwa kijiko. Ukaniambia Bibi asijue, na kwamba siku likitaka kufuliwa niifumue safu ile kwanza. Niliitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyo, Shangazi. Siri nikipewa naitunza mpaka mwenyewe naisahau.

Wakati huo Bibi halali. Unaijua miguu yake, bila uzito juu yake haitulii, inatangatanga kama mtu aliyepoteza njia. Mchana alikuwa anajilaza, anaamka, anakuja mezani kuligusa. "Halijakauka tu?" Nami namjibu, "Bado kidogo, Bibi." Macho yake yalikuwa mekundu. Niliogopa kwamba nimeliharibu, na kwamba mkono wako aliokuwa akiusema nimeumwaga pamoja na maji.

Siku ya nne nilimwambia, nikivitazama vidole vya miguu yangu. Nilimwambia yote, kopo, kijiko na wewe. Nisamehe, siri yetu nimeitoa. Aliinama mezani akakigusa kile kichipukizi kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Yaani zile choroko zangu." Akakaa. "Miaka mitatu nimemshuku mama yako." Akacheka mpaka akajishika ubavu, na Mama aliporudi kutoka kazini alilakiwa kwa kuombwa msamaha wa tuhuma asiyoijua.

Nikaifumua safu ile. Nilitafuta kitu kizito kisichoogopa maji, na kwenye droo ya cherehani nikakuta vile vifungo vya shaba vya makoti ya walinzi uliyokuwa ukishona. Nikaishusha redio. Nilikuwa sijawahi kuigusa cherehani yako peke yangu, na uzi ulinikatikia mara sita. Nilivigawa kwa kijiko kile kile, nikashona vyumba vinane. Mishono yangu imepinda kama njia ya mbuzi, yako imenyooka, na ikikaa pamoja aibu ni yangu. Tena safu hiyo sasa inalia kidogo ukiigeuza.

Jana baada ya chakula nilimfunika. Unajua anavyolipapasa kwa vidole, chumba kwa chumba, kabla hajafumba macho. Alikwenda hivyo hadi akafika mwisho, akasimama.

"Huu si mkono wa mwanangu."

Nilikaza macho kwenye mishono yangu iliyopinda.

"Ni wako, Kimya?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ligeuze. Upande huu uje kifuani, wa shangazi yako ukae miguuni, yeye kazi yake anaijua."

Nililigeuza. Vifungo vililia mara moja tu, kisha akalala, mchana kweupe, kwa saa mbili, na miguu yake haikutikisika hata kidogo. Nilikaa pale pale nikimsikiliza akipumua, nikakukumbuka sana.

Ukipata nafasi niandikie jinsi unavyofunga mwisho wa mshono usifumuke, maana mimi nimepiga mafundo tu. Redio sijairudisha juu ya cherehani, na Mama hajaniuliza.

Baba anakusalimu na anasema ule dawa zako. Mama anakusalimu, na anasema ule msamaha alioombwa, nusu yake ni deni lako. Kitindamimba anakusalimu bila meno. Bibi anasema ukija uje na choroko.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzito na kitu kizito cha kukutuliza.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nisiposema,
Kimya