Mafuta Uliyoyaacha kwenye Kabureta

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeisubiri marahaba kidogo, kwa mazoea tu, kisha nimeendelea kuandika.

Injini yako ya mtumbwi imewaka. Nimeanzia mwisho kwa sababu nakujua: ningeanza na salamu za ukoo mzima ungenikatiza, kwa jina ulilozoea kuniita mpwa wako, "Mama, imewaka au haijawaka?"

Unakumbuka siku uliyoshuka nayo stendi ya Msamvu? Ulikuwa umetoka nayo pwani kwenye buti la basi, umeifunika shuka kama mgonjwa. Wapiga debe wakaifunua. "Mzee, mbona bahari umeiacha nyuma!" Ukawajibu bila kugeuka, "Bahari ina wenyewe. Mimi nina bwawa." Dada yako, mama yangu, alijifunika uso kwa mtandio akajifanya hatufahamu. Mimi nikashika upande wa pangaboi, wewe ukashika kichwa, tukaondoka.

Somo langu la kwanza ulinifundisha kwa kunyamaza. Nilivuta kamba mpaka bega likalegea, wewe umekaa unamenya chungwa la Kinole, umelimenya lote ganda halijakatika. Ulipomaliza ukanyoosha mkono, ukalegeza kile kiskurubu cha kifuniko cha tangi. "Na lenyewe linapumua, mama." Nikavuta mara moja, ikawaka. Abiria waliokuwa wanasubiri kuvushwa wakacheka. Chungwa hukunipa.

Somo la pili ulilirudia mpaka nikawa nalisikia ndotoni. Kama kesho unarudi, zima tu uende. Kama unakwenda kukaa siku mbili tatu, chomoa mpira wa mafuta, iache injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Mafuta yakilala humo muda mrefu yanageuka gundi. Hata ulipokwenda harusini siku mbili uliikausha kwanza, bwana harusi anasubiri.

Sasa niseme lile ninalolikwepa.

Siku ile injini ilituzimikia katikati ya bwawa na abiria watano. Nilikuwa nimechoka, nikasema mbele yao wote, "Mjomba, hili dude uza chuma chakavu. Na wewe mwenyewe pumzika, umri umekwenda." Ulilifungua, ukapuliza, likawaka, ukatufikisha. Ukafunga mtumbwi, ukachukua koti, ukapanda Kinole, kwenu mlimani. Siku ya tatu tukaletewa habari ya msiba wako.

Watu wa kwetu wakaipokea kwa namna yao: alijijua. Mzee aliona siku zake zimekwisha, akapanda kwao kuaga. Kila mmoja alikuwa na ushahidi. Jirani ulimrudishia panga lake. Mama ulimpelekea iliki. Nami nikakaa kwenye mkeka nikihesabu nilichoachiwa mimi: mgongo wako, unapanda mlima.

Kwenye matanga, huko huko Kinole, waliileta injini pamoja na vitu vyako. Mtani wako Mzee Mbaruku hakuchelewa. Alivaa koti lako, akaiegemeza kwenye kinu, akavuta kamba huku anakuigiza: "Waka, mwanaharamu! Abiria wananitazama!" Waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. "Mmesikia?" akasema. "Injini nayo ni mjane, inakataa kuolewa tena." Mimi niliona kwamba hakuna tangi wala mpira wa mafuta uliochomekwa. Lakini mtani hakosolewi, na kuku wa kumlipa utani wake alikuwa ameshaahidiwa. Wala sikujiuliza swali lililokuwa wazi: imekohoa kwa mafuta gani?

Ukoo ukasema injini ya mjomba ni ya mpwa. Nikaishusha bwawani, nikaifungia stoo miezi minne. Sikutaka kuiona.

Juzi nikaitoa. Nikafuata utaratibu wako. Skurubu ya tangi, imelegea. Plagi nikaifungua: cheche ipo, lakini kavu kama ulimi wa mwenye homa, mafuta hayafiki ya kutosha. Nikivuta choki, ile ya kubana hewa, inawaka, inahesabu mpaka tano, inakufa. Mpira mzima, chujio safi. Imebaki kabureta.

Nikafungua kile kibakuli cha chini. Mjomba, kilikuwa na gundi. Ya kahawia, inanata kama asali iliyoungua. Boya limeganda, jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, imeziba karibu yote. Nikakaa chini na bisibisi mkononi, bila kufanya chochote, mpaka mvuvi mmoja akaniuliza, "Dada, kimevunjika nini?"

Hukuikausha. Wewe, uliyemsubirisha bwana harusi.

Mtu anayekwenda kuaga angeikausha. Ulizima tu ukaenda. Ulikuwa unarudi kesho yake. Huenda ulikuwa unarudi kunitukana, na nilistahili. Lakini ulikuwa unarudi.

Nimelowesha jeti kwenye petroli, nimeizibua kwa uzi wa waya wa umeme kama ulivyokuwa ukifanya. Gundi sikuimwaga. Iko kwenye kopo la dawa ya viatu, na mama ananiuliza naihifadhi ya nini. Wengine bado wanasema ulijijua, nami nawaitikia.

Leo nimevusha watu mara sita. Jioni nimefunga mtumbwi, nimezima, sikuchomoa mpira. Kesho narudi.

Lala, Mjomba. Na usamehe ile ya chuma chakavu.

Mpwa wako, wa upande wa pangaboi.