Mke Wangu Ameombwa Abaki Kisiwani

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, ile mvua ya London isiyonyesha wala kuacha. Saluni zote za hapa Peckham bado zimefungwa kwa sababu ya korona, ibada tumeifuata kwenye simu, na mimi nimechoka hadi kwenye mifupa. Lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Kwa mgeni wa blogu hii: mke wangu, Muthoni, ni nesi katika jeshi la hapa Uingereza. Mwezi uliopita alipelekwa na wenzake kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani, mojawapo ya visiwa vya mbali ambavyo bado viko chini ya nchi hii. Kisiwa chote kina hospitali moja, na korona ilipoingia, wauguzi wenyewe ndio walioanza kulazwa. Jeshi likapeleka chanjo, mitungi ya oksijeni na watu wa kushika zamu. Mimi, dereva wa basi, nikabaki na binti yetu Wambui wa miaka saba, pamoja na nywele zake.

Mama yangu kule Nakuru aliposikia maneno "jeshi" na "kisiwa", hakungoja maelezo. Alisimama kanisani akatangaza kwamba mke wa mwanawe ameenda vitani. Akina mama wakafunga na kuomba. Watu ambao sijawasikia tangu harusi yangu wakanipigia kunipa pole. Nilipofanikiwa kumweleza kwamba adui ni korona, na kwamba Muthoni amebeba sindano wala si bunduki, alikuwa na swali moja tu.

"Sasa hao waliofunga nitawaambia nini?"

Nikamwambia maombi hayapotei. Tangu siku hiyo hupiga simu kila jioni kuniuliza Muthoni anarudi lini, maana eti mwanamume hawezi kulea msichana peke yake.

Kuhusu nywele, nakiri Mama alikuwa na hoja. Shule imefungwa kwa wengi, lakini watoto wetu sisi wafanyakazi wa huduma muhimu bado wanaenda, na mtoto haendi shule kichwa kikiwa timtim. Mara ya kwanza nilipomsuka, Wambui alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole wote, "Dad, can I wear my hat in class?" Yaani aruhusiwe kuvaa kofia darasani.

Niliumia, sitasema uongo.

Basi Muthoni akaanza kunifundisha kwa video. Huku kwetu inakuwa mchana, kwake ni asubuhi, kabla hajaingia wodini. Leo niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, mafuta pembeni, Wambui amekaa sakafuni katikati ya magoti yangu.

"Baba Wambui, usivute hivyo! Huyo ni mtoto, si kamba ya kufungia mbuzi."

Alikuwa na sare yake, macho mekundu kwa uchovu, lakini anacheka. Akanisimulia habari za bibi mmoja wa pale aliyeletwa hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Yeye na wauguzi wa kisiwani walimgeuza akalala kifudifudi, mapafu yapate nafasi, wakawa wanamgeuza kwa zamu usiku na mchana. Jana bibi huyo aliomba chai, kisha akalalamika kwamba haina sukari. Muthoni alivyolisema hilo neno "sukari", ungedhani amepewa nishani.

Halafu akaacha kucheka.

"Wenzangu wanarudi Ijumaa," alisema. "Lakini watu wa hospitali wameomba manesi wawili wabaki, mpaka wale wa hapa wapone. Ni voluntary, ni hiari ya mtu, hakuna atakayenilaumu nikirudi. Nataka neno lako."

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele. Wambui naye akatulia, na mtoto huyu si wa kutulia.

Msomaji wangu, wewe sikudanganyi. Neno lililokuja mdomoni lilikuwa "rudi". Nimechoka kubadilishana zamu na kuomba radhi kwa meneja. Nimechoka kupika tambi. Kitanda kimekuwa kipana mno. Na ninaogopa, kwa sababu ugonjwa huo hauangalii nani ni nesi na nani ni mgonjwa, na Wambui ana mama mmoja tu.

Kisha nikamkumbuka Kofi. Kofi alikuwa dereva mwenzangu, tulikuwa naye gereji moja ya mabasi, Mghana mwenye kicheko cha kuamsha abiria. Korona ilimchukua mwaka jana, na mkewe hakuruhusiwa kuingia hospitalini kumuaga. Mkewe alituambia kwamba nesi mmoja, zamu yake ikiwa imeshakwisha, alibaki kando ya kitanda cha Kofi amemshikia simu sikioni hadi mwisho, ili asikie sauti ya nyumbani. Nesi huyo naye alikuwa na kwake. Huenda kulikuwa na mtu aliyemsubiri na chakula kinapoa.

Nikamtazama Muthoni kwenye kile kioo kidogo cha simu.

"Baki," nikasema. "Sisi huku tupo."

Uso wake ulitoka kwenye kioo, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Niliwajibu jana," akasema. "Niliwaambia nabaki."

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nilitaka tu nijue nimeolewa na nani."

Nilicheka, nikalia kidogo, Wambui akaniambia nimalize kichwa maana shingo inamuuma. Nikamalizia. Mistari haikunyooka yote, ila kofia hajaiomba.

Ninajivunia mwanamke huyu. Ametoka Nyeri akaja nchi ya watu, na leo kuna watu kwenye kisiwa ambacho sitakiona maishani wanaopumua kwa sababu alikubali kukosa usingizi.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Abiria wakinisalimu kupitia kile kioo cha kumkinga dereva, nitawaambia mke wangu yuko wapi na anafanya nini. Hata wasioniuliza, nitawaambia.