Tomu Kolinzi Aingia Mbuchi

Mbuchi, 12 Agosti 2025

Kwa mke wangu mdogo Kudra,

Nakusalimu salamu tele kama kamba wa msimu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeniacha talaka tatu, linakwenda njia yake. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula, Babu". Niambie unakula nini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii anayo baba yako, na haya si ya kusomwa na yeye. Sadallah, yule mnunuzi wa kamba, alipeleka mzigo kwenye hoteli yenu huko Dar, akakuona nyuma ya kaunta unachanganya pombe. Aliporudi, alishusha habari kabla ya kushusha matenga. Tangu siku hiyo baba yako Haidari amenuna. Barua ya posa ya akina Kheri imefika. Ameipokea, akaichomeka kwenye makuti ya dari bila kuifungua. Nikamwuliza, "Mwanangu, utamwozesha mtoto au humwozeshi?" Akasema, "Sina binti anayemimina pombe." Na walii wako wa kukuozesha ni yeye. Akigoma, Kheri atabaki kukutazama kama paka anayetazama samaki wa jirani.

Sasa nijibu, wala usinifiche. Sadallah anasema ulikuwa unatengeneza kitu cheupe, kirefu, chenye kipande cha limau. Kinaitwaje, na kinatengenezwaje? Hatua kwa hatua. Nina sababu yangu, na si kiu.

Babu yako na mume mkubwa,
Mrisho

Dar es Salaam, 20 Agosti 2025

Babu, shikamoo.

Nakula ugali na dagaa, na siku za zamu nakula wanachobakiza wageni. Afya yangu njema. Barua yako niliisoma mara tatu, mara mbili nikilia na mara moja nikicheka hilo goti.

Baba sikumdanganya. Nilimwambia nafanya kazi hotelini. Hakuuliza upande gani, nami nikashukuru kwamba hakuuliza. Hapo ndipo nilipokosea.

Kinaitwa Tomu Kolinzi. Unachukua glasi ndefu. Unatia vipimo viwili vya jini, ile pombe isiyo na rangi inayonukia kama mti uliokatwa sasa hivi. Kisha kipimo kimoja cha maji ya limau, na nusu kipimo cha sukari iliyoyeyushwa. Unajaza barafu, unamalizia na soda, unakoroga vizuri. Juu kipande cha limau. Nilijifunzia chumbani kwangu, maji yakiwa mahali pa jini, mpaka jirani akaniuliza kama nafungua genge la juisi.

Sijawahi kuonja, wallahi. Napima na kunusa tu. Lakini hayo nani atanisadiki huko nyumbani?

Mjukuu wako,
Kudra

Mbuchi, 29 Agosti 2025

Mke wangu, marahaba.

Nimefurahi kwamba dagaa hawajakuacha. Mimi sijambo, isipokuwa wivu. Huyo Tomu ni nani anayekaa mikononi mwa mke wangu kutwa nzima? Kheri nimeshamvumilia, wa tatu simtaki.

Halafu, bibi weye, unakosea. Soda ikishaingia hukorogi! Unaiua. Unazamisha kijiko kirefu mpaka chini, unainua mara moja, basi. Sukari na limau vikutane kabla ya barafu, maana kwenye baridi sukari haiyeyuki, inalala chini kama mvivu. Na limau usilikamue mpaka ganda lilie, utatoa uchungu.

Umeacha mdomo wazi? Ufunge, nzi wataingia.

Toka mwaka sabini na nane mpaka themanini na tatu nilikuwa Utete, kwenye kambi ya Wazungu wapima mto. Watu wote wa hapa wanajua nilikuwa mpishi. Kweli, asubuhi nilikuwa mpishi. Jua likipinda nilishika trei. Mmoja wao, mwenye miguu myekundu kama kamba wa kuchemsha, alikuwa hataki kingine ila hicho kinywaji, ingawa jina hakunitajia. Alikuwa anainua vidole viwili tu, ndiyo vipimo. Nami sikuonja hata tone. Si kwa uchamungu, usinisingizie. Bibi yako Mwajabu alikuwa ananinusa mdomo kila nikirudi nyumbani. Alijua yeye peke yake, akaondoka nayo, Mungu amrehemu.

Na baba yako darasa la kwanza aliingia akiwa na kaptula mpya na daftari nne. Hazikutoka kwenye sufuria za kambi, zilitoka kwenye trei.

Kwa hiyo nimeazimia. Nitamtengenezea hapa hapa nyumbani, bila jini, aione mikono yangu ikifanya kazi. Halafu aseme kama hana baba pia.

Mumeo asiyezeeka,
Babu Mrisho

Dar es Salaam, 5 Septemba 2025

Babu yangu, shikamoo, na tafadhali usifanye.

Naomba goti likuume kidogo tu, usiweze kusimama na hiyo glasi. Wewe ndiye unayeadhini hapo. Baba akikukosea adabu kidogo tu mbele ya watu hapati usingizi. Akijua hili, ataangalia wapi? Na likitoka nje je? Mimi nikikosa harusi, nimekosa harusi. Wewe unaishi hapo, utazikwa hapo. Kheri amesema atangoja hata miaka miwili. Acha tungoje.

Soda sikorogi tena. Ni kweli, ilikuwa inakufa.

Mjukuu wako anayekuomba kwa magoti yake mawili mazima,
Kudra

Dar es Salaam, 28 Septemba 2025

Babu, shikamoo.

Wiki tatu sijapata hata mstari. Mwenye boti anayebeba barua zetu anasema alikupa mkononi. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote aandike. Kama umefanya nililokukataza, niambie tu. Sitanuna.

Kudra

Mbuchi, 4 Oktoba 2025

Mke wangu, marahaba mara mbili, na unisamehe.

Nimefanya. Barua yako ilinikuta Ijumaa, glasi nimeshaiosha. Ningefanyaje?

Baba yako alitoka msikitini akanikuta ukumbini na malimau, sukari, soda ya dukani, na maji kwenye chupa mahali pa jini. Barafu nilimwomba Sadallah, akanichotea kwenye sanduku lake la kamba. "Baba, hii nini tena?" "Kaa." Akakaa. Nikapima, nikatia, nikainua kijiko mara moja. Mikono haikutetemeka, Kudra, mikono hii inayomwaga chai kila asubuhi! Akaitazama weee. Akaniuliza taratibu, "Mikono hii imejifunza wapi?" Nikamwambia yote, mpaka kaptula.

Akaichukua glasi, akainusa. "Inanuka kamba." Akaimwaga mchangani, akatoka.

Siku ishirini hakula kwangu. Nikiadhini anakuja, anasimama safu ya nyuma, anaondoka. Nilingoja watu waje kunivua uadhini. Hakuja mtu. Hakumwambia yeyote, hata mama yako. Ndipo na mimi kalamu ikaniwia nzito, maana nilikuwa sina la kukupa.

Juzi akaja, akaketi kizingitini. Posa mkononi, imefunguliwa. Amewajibu akina Kheri waje, na yeye atasimama kama walii wako. Nikataka kurukaruka, goti likakataa. Lakini hakuondoka. Akaniuliza, "Miaka mitano yote ulisimama?" "Nilisimama." "Hawakukupa kiti?" Nikamwambia, mwanangu, mshika trei hapewi kiti. Akawa anakwangua kizingiti kwa ukucha kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. Halafu akasema, "Mwandikie. Muulize kama na yeye anasimama kutwa."

Basi nakuuliza. Yuko hapo nje anajidai anashona jamvi. Ananingoja nimalize, barua anataka kuipeleka botini mwenyewe.

Babu yako

Dar es Salaam, 11 Oktoba 2025

Babu, shikamoo. Na Baba, kama unasomewa hii, shikamoo.

Mwambie nasimama kwa muda wa saa nane kila zamu, na viti vya pale ni vya wageni. Lakini chumbani kwangu nina viti viwili. Kimoja nakalia mimi. Cha pili tangu nikinunue hakijakaliwa na mtu, nakifuta vumbi kila Ijumaa.

Kudra